Nahodha Mmoja kwa Kila Chombo

Barua nyingi za kuomba kazi zinazoandikwa kwa Kiingereza katika Afrika Mashariki hufungwa kwa maneno yaleyale: "I am looking forward to hear from you." Mwombaji ameisoma barua yake mara tatu, amempa rafiki aliyesoma chuo aikague, amelipia kuchapishwa, na kosa limewapita wote. Limejificha kwenye neno "hear", tena limejificha vizuri, kwa sababu mbele yake limesimama "to", na kila aliyepita darasani anakumbuka kwamba baada ya "to" kitenzi hubaki kitupu. Kanuni imefuatwa. Sentensi imekosewa.

Anayetaka kujua sababu inambidi aanzie kwenye swali ambalo masomo mengi ya Kiingereza hulipita mbio yakiwahi orodha za nyakati: katika sentensi hii, ni kitenzi gani kimeshika usukani?

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kiingereza kinaishi kwa methali hiyo. Kila kishazi chake kina kitenzi kimoja kinachobeba wakati na kumtazama mtenda. Vitenzi vingine vilivyomo, hata vikiwa vitatu au vinne, ni mabaharia tu. Nahodha ndiye ambaye vitabu vya sarufi humwita "finite", na mabaharia huitwa "non-finite". Majina hayo yana asili ya Kilatini, ambamo "finis" ni mpaka au mwisho. Kitenzi cha kwanza kimewekewa mipaka: kimefungwa kwa nafsi fulani, kwa umoja au wingi, kwa wakati uliopo au uliopita. Cha pili hakina mpaka wa namna hiyo. Kinataja tendo, basi. Hakisemi ni la nani wala la lini.

Jambo lenyewe si geni kwa Mswahili. "Alisoma" ni nahodha aliyevaa kofia na koti: "a-" inamtaja mtu, "-li-" inataja wakati. "Kusoma" ni baharia. Ukilisikia peke yake, huwezi kujua nani alisoma wala kama amemaliza. Sarufi ya Kiswahili imelipa umbo hilo jina la kitenzi-jina, na kweli nusu yake ni jina: lina ngeli yake ya KU, linakubali "kusoma kwake" na "kusoma kuzuri". Kwa hiyo anayejifunza Kiingereza haingii darasani mikono mitupu. Tofauti ya msingi anaijua tangu utotoni, kabla hajakutana na ubao wala chaki.

Taabu ni kwamba Kiingereza kimepoteza nguo nyingi za vitenzi vyake. Zamani, kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, kitenzi kisicho na mpaka kilikuwa na mkia wa kukitambulisha: kuimba ilikuwa "singan", kunywa ilikuwa "drincan". Mkia huo ulichakaa karne baada ya karne hadi ukakatika, na neno "to", lililokuwa kihusishi cha kuonyesha uelekeo, likavutwa kuziba pengo. Matokeo yake, "walk" la "they walk" na "walk" la "to walk" ni pacha wasiotofautishika. Kiswahili humtambulisha nahodha kwa sura. Kiingereza humtambulisha kwa kazi.

Lakini kazi hiyo inaweza kupimwa, na kipimo chake hakihitaji istilahi yoyote. Sentensi isogezwe kutoka leo hadi mwaka jana, kisha iangaliwe ni kitenzi gani kimesogea nayo. Tuseme: "My aunt wants to open a shop selling fried fish." Humo mna "wants", "open", "selling" na hata "fried". Sentensi ikirudishwa mwaka jana inakuwa: "My aunt wanted to open a shop selling fried fish." Vitenzi vitatu vimekaa kimya kama mizigo kwenye ngama; kilichogeuka ni "wants" peke yake. Huyo ndiye nahodha. Anayependa kuthibitisha anaweza kumwongeza shangazi wa pili: "My aunts want to open a shop." Aliyebadilika ni yuleyule.

Baadhi ya maumbo hujitaja yenyewe, na inafaa kuyajua kwa macho. Kitenzi "write" kina maumbo matano: write, writes, wrote, writing, written. "Writes" na "wrote" ni manahodha siku zote. "Writing" na "written" ni mabaharia siku zote. Hakuna sentensi kamili ya Kiingereza sanifu inayoendeshwa na "written" peke yake. "Write" ndilo lenye nyuso mbili. Kwa "walk" maumbo ni manne tu, kwa kuwa "walked" linafanya kazi ya "wrote" na ya "written" kwa pamoja, na hapo ndipo pa kuangalia mara mbili. "Put" lina matatu. "Be", mkorofi wa ukoo mzima, lina manane: be, am, is, are, was, were, being, been. Wanafunzi wanaoimba jedwali la safu tatu, go-went-gone, take-took-taken, mara nyingi hawaambiwi kwamba jedwali lile ni orodha ya vyeo. Safu ya pili ni ya manahodha. Safu ya tatu haishiki usukani hata siku moja. Aliyeambiwa hivyo hatasema tena "I have went", maana "have" tayari ni nahodha na "went" ni nahodha wa pili, wala hatasema "I seen him yesterday", ambapo chombo kimeachwa bila mtu usukanini.

Nahodha hukaa mbele. Vitenzi vya Kiingereza vikipangwa mstari mmoja, wakati hubebwa na kile cha kwanza, na kila kinachofuata huvua nguo. "The bridge should have been repaired before the rains." Hapo kuna vitenzi vinne mfululizo: "should" ndiye nahodha, "have" limebaki tupu, "been" na "repaired" ni za safu ya tatu. Kiswahili kikilisema hilohilo husema daraja lilipaswa kuwa limetengenezwa kabla ya mvua, na hapo mwenye jicho kali ataona tofauti. Kiswahili kimeweka alama za mtenda na wakati mara mbili: "lilipaswa", kisha "limetengenezwa".

Tofauti hii ndogo imezaa ukoo mzima wa makosa. Kiswahili hakioni shida kuweka manahodha wawili wanaosaidiana: alikuwa anasoma, nilikuwa nimekula, walikuwa wameondoka. Kila kitenzi kina nafsi yake na wakati wake, na chombo hakiendi mrama. Mtoto aliyekulia kwenye lugha hiyo akisema "I was ate" au "They was left before we came", hajakosa akili. Ametafsiri kwa uaminifu kupita kiasi. Alichosahau ni kwamba "was" na "had" zikishabeba wakati, kitenzi cha pili hakiruhusiwi kuubeba tena: "I had eaten", "They had left before we came".

"Did" ni kisa hichohicho. Kiswahili hukanusha ndani ya kitenzi chenyewe: alikwenda, hakwenda. Kiingereza huita mtu wa kazi, "do", kikamkabidhi usukani na kumwacha kitenzi halisi mikono mitupu. "She went" hugeuka "She did not go"; "She goes" hugeuka "She does not go", na hata ile "-s" ya "goes" imehamia kwenye "does". Anayesema "Did you went?" au "She doesn't goes" amewapa watu wawili kofia moja.

Viko pia vitenzi ambavyo havijui ubaharia kabisa: can, could, may, might, must, shall, should, will na would. Hivi ni manahodha wa kudumu. Havina umbo la "to", havina umbo la "-ing", havichukui "-s". Hakuna "to can" wala "he cans" wala "musting". Kwa hiyo mtu akitaka kusema "napenda kuweza kusaidia" inabidi apitie mlango wa nyuma: "I would like to be able to help." Na baharia anayewafuata huja mtupu kabisa, bila "to". "You must to pay" hutokana na "lazima kulipa" au "unapaswa kulipa", ambamo "ku-" imekaa mahali pake halali. Kwa Kiingereza ni "You must pay", kwisha habari.

Mpaka hapa Kiswahili kimekosesha kwa kuzidisha alama. Kuna mahali kinakosesha kwa kuzipunguza. Mswahili husema: "Alikwenda sokoni na kununua samaki." Kitenzi cha kwanza kimebeba kila kitu, cha pili kimeshushwa cheo kuwa "kununua", na msikilizaji haoni tatizo. Kiingereza hakikubali. "He went to the market and buy fish" inamwacha "buy" akining'inia, kwa sababu "and" huunganisha walio sawa: nahodha kwa nahodha, baharia kwa baharia. "He went to the market and bought fish." Kama wa kwanza ni baharia, wa pili naye awe baharia: "He wanted to go to the market and buy fish." Anayesitasita afikirie usimulizi wa bibi kizee: akaenda, akanunua, akarudi, akapika. Kila "-ka-" ni nahodha wa chombo chake, na msafara wa namna hiyo Kiingereza kinauelewa: he went, bought, came back and cooked.

Ni vyema kukumbuka kwamba hesabu ni ya kishazi. Sentensi nzima inaweza kuwa na zaidi ya nahodha mmoja. "When the rain stopped, the children who had been hiding ran out" ina vyombo vitatu na manahodha watatu: stopped, had, ran. Kwa upande wa pili, maneno yanaweza kuwa mengi na nahodha asiwepo. "The chairman of our cooperative explaining the new price of cashew nuts to the farmers" yana urefu wa kutosha na habari ya kutosha, lakini yanafaa kuandikwa chini ya picha tu. Hayajawa sentensi. Yakiwekewa "is" au "was" mbele ya "explaining", yanasimama.

Sasa "ku-".

Kiambishi hiki kimoja kinabeba mzigo ambao Kiingereza kimewagawia watu wawili. Kusafiri ni "to travel", na kusafiri ni "travelling". Anataka kusafiri: "She wants to travel." Anafurahia kusafiri: "She enjoys travelling." Mswahili hana kitu masikioni cha kumwonya kwamba njia zimeachana, ndiyo maana "I enjoy to swim" na "He avoided to answer" husikika hata kwa watu wenye shahada. Kiingereza chenyewe hakina sheria isiyovunjika hapa, ila kina mwelekeo. "To" hutazama mbele, kwenye jambo ambalo halijatokea: want, hope, decide, plan, promise, refuse. "-ing" hushika jambo lililopo au lililopita: enjoy, finish, admit, deny, keep. "Avoid" na "suggest" huenda na "-ing" bila kutoa maelezo, na hayo ya kukariri tu.

Mwelekeo huo unaonekana wazi kwenye vitenzi vinavyokubali pande zote mbili kwa maana tofauti. "He stopped smoking" ni mtu aliyeacha sigara. "He stopped to smoke" ni mtu aliyesimama njiani ili avute. "I remembered to lock the door" inasema nilikumbuka, kisha nikafunga. "I remember locking the door" inasema nilifunga, na sasa nakumbuka. Kiswahili hutenganisha maana hizi kwa njia zake, kwa "ili" au kwa "kwamba", na mfasiri mwangalifu huanza kwa kujiuliza tendo lipi lilitangulia.

Palipo na kihusishi, hakuna mjadala. Baada ya in, of, at, for, about, without, before na after, kitenzi huvaa "-ing". Bila kulipa ni "without paying". Kabla ya kula ni "before eating". Hodari wa kupika ni "good at cooking".

Na hapo barua ya kazi inapata jibu lake. "To" ni watu wawili wanaotumia jina moja. Yupo "to" mtumishi wa kitenzi, yule aliyeziba pengo la mkia uliokatika, na yupo "to" kihusishi wa kawaida, yule wa "go to Mombasa". Ili kuwatofautisha, kitenzi kinachofuata kiondolewe na jina liwekwe mahali pake. "I look forward to your reply" inakubalika na "to" imebaki, basi huyo ni kihusishi, na vihusishi hudai "-ing": "I look forward to hearing from you." "I want to hear from you" ikijaribiwa vilevile inatoa "I want your reply", na "to" imeondoka pamoja na kitenzi chake. Kipimo hicho kinatatua pia "I am used to wake up early". Kwa kuwa mtu husema "I am used to the heat", inabidi aseme "I am used to waking up early". Asichanganye na "I used to wake up early", ambalo ni la mtu aliyekuwa akiamka mapema zamani na sasa analala hadi jua liwake.

Ukanushaji wa baharia hauna taabu. Pale Kiswahili kinapochomeka "-to-" ndani ya kitenzi, Kiingereza hutanguliza "not" nje: aliamua kutokwenda, "she decided not to go".

Kama kuna mahali ambapo lugha hizi mbili zinapingana uso kwa uso, ni kwenye kutakiana mambo. "Nataka aende." Kitenzi cha pili kina nafsi kamili, "a-", na irabu ya mwisho iliyogeuka kuwa "-e". Huyo ni nahodha wa pili na chombo chake. Kiingereza kinamvua cheo na kumgeuza mtu mwenyewe kuwa mtendwa: "I want him to go." Wala si "I want he goes", wala si "I want that he goes". Mwambie aje: "Tell him to come." Mwalimu alituruhusu tuondoke: "The teacher allowed us to leave." Kila "-e" ya namna hiyo baada ya kutaka, kuomba, kuambia au kuruhusu ni ishara kwamba upande wa pili kuna "him to", "her to", "us to".

Isipokuwa pale ambapo sivyo. "Suggest" na "insist" hukataa umbo hilo. "I suggest him to resign" ni kosa. Husemwa "I suggest that he resign", bila "-s", na aliyeandika mihtasari ya vikao vya bodi atakuwa amekutana nalo. "Resign" hilo ni nahodha aliyevua sare, umbo tupu linalofanya kazi ya "ajiuzulu" karibu neno kwa neno. Wanasarufi hulihesabu kuwa na mpaka ijapokuwa sura yake inasema vingine, na Mswahili, kwa mara moja, ana haki ya kuona kwamba lugha yake imelieleza jambo kwa uwazi zaidi. Ingawa nacho Kiswahili kina vituko vyake: "huamka" katika "mama huamka alfajiri" halitaji nafsi yoyote, na bado linashika usukani bila wasiwasi.

Lipo pia kundi dogo linalotaka baharia asiye na hata "to". "Make" na "let" ndio vinara. "The story made us laugh." "Let the child sleep." Ukisikia "made us to laugh", ujue "to" imepenya dirishani. Sentensi ya "make" ikigeuzwa kuwa ya kutendwa, "to" hurudi: "We were made to wait for two hours." "Help" hukubali yote mawili. "Enable" hukubali moja tu, na hapa barua za kuomba msaada wa karo hukosea kwa pamoja kana kwamba zimeandikwa na mkono mmoja: "Kindly enable me pay my fees." Pasipo "to" baada ya "me", ombi linachechemea.

Mabaharia wa "-ing" na wa safu ya tatu wana kazi ya pili: hufanya kazi ya vivumishi. Wanafunzi wanaochelewa ni "students coming late", maji yaliyochemshwa ni "boiled water". Kiswahili hutumia kirejeshi kwa hayo yote, na kirejeshi cha Kiswahili ni nahodha mzima, mwenye nafsi na wakati: wa-na-o-chelewa. Kiingereza hutoa njia mbili, ama kirejeshi chenye nahodha, "students who come late", ama baharia bila kirejeshi, "students coming late". Anayezichanganya hupata "students who coming late", ambayo ni kishazi chenye mlango lakini hakina nyumba.

Hatari kubwa iko kwa vitenzi vya aina ya "walked", ambavyo safu ya pili na ya tatu zinafanana. "The goat tied near the gate ate my maize." Msomaji mwenye haraka anaweza kudhani mbuzi ndiye aliyefunga kitu. Akifika "ate" anakwama, anarudi mwanzo, ndipo anaona kwamba "tied" ni baharia na "ate" ndiye nahodha: mbuzi aliyefungwa karibu na lango alikula mahindi yangu. Mwaka 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Thomas Bever, alitunga sentensi ya aina hii kuhusu farasi aliyekimbizwa mbele ya ghala akaanguka, na tangu hapo wataalamu wa lugha wameitumia kuonyesha jinsi ubongo unavyomchagua nahodha mapema mno kisha ukalazimika kumshusha. Wenye Kiingereza chao wenyewe huanguka humo. Mgeni asione haya.

Kuhusu "-ing" vitabu vya zamani vilipenda kutenganisha ile inayofanya kazi ya jina na ile inayofanya kazi ya kivumishi, kila moja na istilahi yake. Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, katika sarufi yao kubwa iliyochapishwa na Cambridge mwaka 2002, waliamua kuyapa yote jina moja, kwa hoja kwamba sura ni ileile na mpaka kati yao hauchoreki. Mwanafunzi anayetaka kuandika vizuri anaweza kuwaachia ugomvi huo. Vilevile aachane na katazo la kutenganisha "to" na kitenzi chake. Henry Alford, mkuu wa kanisa kuu la Canterbury, alilipigia debe katika kitabu chake cha mwaka 1864, na watu wamegombana tangu hapo. "To really understand" ni Kiingereza halali. Mtahini mkali akilikataa, ni suala la busara ya siku ya mtihani, si la sarufi.

Linalostahili uangalifu zaidi ni "-ki-". "Nikivuka barabara, bodaboda ilinigonga." Kiswahili kimemtaja anayevuka: ni mimi, "ni-" ipo. Tafsiri ya haraka huleta "Crossing the road, a motorcycle hit me." Baharia "crossing" hana nafsi, hivyo Kiingereza humpa mwenyewe wa karibu, na wa karibu ni "a motorcycle". Pikipiki inakuwa ndiyo iliyokuwa ikivuka barabara. Vivyo hivyo "Having finished the exam, the papers were collected" inasema karatasi zilimaliza mtihani. Dawa iko kwenye Kiswahili chenyewe: ile nafsi iliyokuwa ndani ya "niki-" irudishwe. "As I was crossing the road, a motorcycle hit me." Au mtu huyohuyo afanywe kiima cha kishazi kinachofuata: "Crossing the road, I was hit by a motorcycle."

Mazoezi mazuri ya haya yote yako barabarani, bure. Kiingereza cha vibao hupenda mabaharia: NO PARKING, CLOSED, TO LET, MADE IN CHINA. Hakuna nahodha hata mmoja. Kiswahili cha kuta za Dar es Salaam huandika amri na tamko kamili, "Usikojoe hapa", "Nyumba hii haiuzwi", kila kitenzi na kofia yake. Magazeti ya Kiingereza nayo hupenda mabaharia kama vibao vyake. Kichwa cha habari cha Kiingereza kikisema "Minister to open new bridge", "to open" ni tendo lijalo, na aya ya kwanza chini yake itamrudisha nahodha: "The minister will open a new bridge." Kikisema "Three arrested over stolen cattle", aliyeachwa nje ni "have been" au "were". Anayejifunza achukue ukurasa mmoja kwa siku, avigeuze vichwa kuwa sentensi kamili, kisha alinganishe na aya zilizo chini. Atakutana na vyepesi, na mara mojamoja atakutana na cha namna hii: "Farmers paid late threaten strike." Akikisoma mara ya kwanza atadhani wakulima walichelewa kulipa. Nahodha ni "threaten". Wakulima ndio waliocheleweshewa malipo.